Upasuaji mseto wa aota

Upasuaji mseto wa aota ni njia ya kutibu maradhi ya mshipa mkuu wa damu kwa kuunganisha kazi mbili ambazo kwa muda mrefu zilifanywa na madaktari tofauti, katika vyumba tofauti. Ya kwanza ni upasuaji wa wazi: kifua au tumbo hufunguliwa, sehemu mbovu ya mshipa hukatwa na mahali pake hushonwa mrija wa kitambaa. Ya pili ni tiba ya ndani ya mshipa: mrija uliokunjwa, wenye kiunzi cha waya, hupitishwa kwenye ateri ya paja hadi mahali palipoharibika na kukunjuliwa humo humo bila kifua kupasuliwa. Katika mseto mgonjwa hupata zote mbili kwa mara moja, au kwa hatua mbili zinazofuatana kwa karibu.

Njia hii hutumika hasa pale aota ilipoharibika kwa urefu mkubwa, kuanzia karibu na moyo hadi mgongoni, kiasi kwamba upasuaji wa wazi peke yake ungemchosha mno mgonjwa, na mrija wa ndani peke yake usingepata mahali pazima pa kushika. Hospitali zinazoweza kuifanya ni chache duniani kote. Kwa hiyo makala hii inaeleza maradhi na upasuaji wenyewe, kisha inafuata njia ya mgonjwa anayeugua mbali na hospitali hizo, katika wilaya ya Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, nchini Tanzania. Kwa mgonjwa wa huko, saa za mwanzo katika zahanati na barabarani huamua mengi kuliko ustadi wa mpasuaji.

Aota na kuta zake

Aota ni ateri kubwa kuliko zote mwilini. Huanzia ventrikali ya kushoto ya moyo, hupanda kidogo kuelekea shingoni, hupinda kama mpini wa bakora, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo, hupenya kiwambo na kuishia karibu na kitovu, ambapo hugawanyika kuwa mbili kwa ajili ya miguu. Kwa mtu mzima upana wake karibu na moyo ni takriban sentimita 3, na tumboni takriban sentimita 2.

Madaktari huigawa katika sehemu ambazo ni muhimu kuzikumbuka ili kuelewa yanayofuata: aota inayopanda, tao la aota, na aota inayoshuka, ambayo nayo ina sehemu ya kifuani na ya tumboni. Katika tao huchomoza matawi matatu yanayopeleka damu kichwani na mikononi. Tumboni huchomoza matawi ya ini, utumbo na figo. Njiani kote kuna vijitawi vidogo vinavyolisha uti wa mgongo, na hivyo, ingawa ni vidogo, vimewasumbua wapasuaji kuliko matawi makubwa.

Ukuta wa aota una matabaka matatu. La ndani ni laini na jembamba. La kati ni nene, lenye nyuzi zinazonyumbuka, nalo ndilo linalobeba msukumo wa kila pigo la moyo. La nje ni gumu kiasi na hushikilia yote.

Maradhi ya ghafla ya aota

Mwanafunzi asichanganye maneno matatu. Kutanuka kwa aota, ambako huitwa aneurisimu, ni mshipa kuvimba polepole kwa miaka, mara nyingi bila dalili yoyote. Kupasuka ni ukuta wote kutoboka na damu kumwagika nje. Kuchanika ni jambo la tatu, nalo ndilo linalohusika zaidi hapa: tabaka la ndani hupata ufa, damu yenye shinikizo hupenya katika tabaka la kati na kujichimbia njia ya pili ndani ya ukuta wenyewe.

Aliyewahi kuvaa koti kuukuu ambalo bitana yake imefumuka begani anaweza kuelewa upesi. Mkono unaingia, badala ya kutokea kwenye mkono wa koti unapotelea kati ya bitana na kitambaa, na kadiri unavyosukumwa ndivyo bitana inavyozidi kuachana. Damu hufanya hivyo hivyo, isipokuwa husukuma mara 70 au zaidi kwa dakika. Ufa uliokuwa wa sentimita 2 huweza kufika kinenani kwa muda mfupi. Njia ya uongo ikijaa huibana njia ya kweli, na kila tawi lililoko hapo huweza kukoseshwa damu. Ndiyo maana ugonjwa mmoja huja kwa sura nyingi: mmoja anapooza upande mmoja, mwingine mguu unakuwa wa baridi na hauna mapigo, mwingine analia na tumbo, mwingine anazimia tu.

Dalili ya kawaida ni maumivu makali ya kifua au ya mgongo kati ya mabega, yanayoanza ghafla na kuwa makali kabisa tangu dakika ya kwanza. Hapo yanatofautiana na maumivu ya shambulio la moyo, ambayo mara nyingi hupanda hatua kwa hatua. Wagonjwa wengi huyaeleza kama kitu kinachoraruka, na baadhi husema yanahama, yakianzia kifuani na kushukia kiunoni.

Sababu kuu ni shinikizo kubwa la damu lisilotibiwa. Katika Tanzania utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo kubwa, na wengi wao hawakuwa wakijua. Sababu nyingine ni maradhi ya kurithi yanayodhoofisha nyuzi za mwili, kama sindromu ya Marfan, ambayo wenye nayo mara nyingi huwa warefu, wembamba, wenye vidole virefu. Vali ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu. Uvutaji wa tumbaku. Ajali za barabarani. Na mara chache miezi ya mwisho ya ujauzito kwa mwanamke ambaye mishipa yake ilikuwa dhaifu tangu awali.

Tangu mwaka 1970 madaktari wengi hufuata mgawanyo wa Stanford, wa nchini Marekani. Aina A ni mchaniko wowote unaogusa aota inayopanda. Aina B ni ule usioigusa. Mgawanyo huu umedumu kwa sababu unaamua tiba. Aina A huhitaji upasuaji bila kuchelewa, kwa kuwa damu huweza kuvujia katika mfuko unaozunguka moyo na kuubana usipige. Kwa makadirio ya miaka mingi, mgonjwa wa aina A asiyetibiwa huwa na hatari ya kufa ya asilimia 1 hadi 2 kwa kila saa katika siku mbili za kwanza. Aina B isiyo na matatizo hutibiwa kwa dawa za kushusha shinikizo na mapigo. Mrija wa ndani huongezwa pale kiungo kinapokosa damu, maumivu yasipokoma, au mshipa ukielekea kupasuka.

Historia

Maradhi haya yanajulikana tangu kale, lakini kwa karne nyingi yalitambuliwa mezani pa maiti tu. Mfano maarufu ni mfalme George II wa Uingereza, aliyefariki ghafla tarehe 25 Oktoba 1760. Daktari wake, Frank Nicholls, alipoufungua mwili alikuta mfuko wa moyo umejaa damu na aota imechanika. Mwaka 1819 Mfaransa René Laennec, yule aliyebuni stethoskopu, aliupa ugonjwa huu jina ambalo madaktari wanaendelea kulitumia kwa namna moja au nyingine.

Tiba ya upasuaji ilianza katika miaka ya 1950 mjini Houston, Marekani, kwa kazi ya Michael DeBakey na wenzake. DeBakey alizaliwa mwaka 1908 katika familia ya wahamiaji kutoka Lebanoni, na mama yake alimfundisha kushona angali mtoto. Alipotafuta kitambaa cha kutengenezea mishipa ya bandia alikwenda dukani, akakuta nailoni imekwisha, akachukua dakroni iliyokuwepo, akaishona kwa cherehani nyumbani kwake. Dakroni ikawa kitambaa cha kazi hiyo, na mirija ya polyesta ya jamii hiyo hutumika hadi sasa.

Tarehe 31 Desemba 2005, akiwa na umri wa miaka 97, DeBakey mwenyewe alipatwa na maumivu makali kati ya mabega. Alidhani ni moyo. Vipimo vilionyesha kwamba ni aota yake imechanika, maradhi ambayo yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyapasua. Alikataa upasuaji kwa wiki kadhaa, hali ikawa mbaya, na mwezi Februari 2006 madaktari wa Houston walimpasua kwa njia aliyoianzisha yeye. Alipona, akarudi kazini, na kufariki Julai 2008 akiwa na miaka 99. Kisa hiki hupendwa na walimu wa udaktari, nacho kina somo moja lisilo la kifalsafa hata kidogo: ikiwa DeBakey aliuchukulia mchaniko wake kuwa shambulio la moyo, mganga wa zahanati hapaswi kulaumiwa akikosea, ila anapaswa kuwa na ugonjwa huu katika orodha ya anayoyafikiria.

Tao la aota lilibaki gumu kwa sababu kulikata ni kukata damu ya ubongo. Mwaka 1975 Randall Griepp wa Marekani alionyesha kwamba mwili ukipozwa sana, mzunguko wa damu unaweza kusimamishwa kwa dakika kadhaa na tao likabadilishwa. Mwaka 1983 Hans Borst, mpasuaji wa Hannover, Ujerumani, alianzisha njia aliyoiita mkonga wa tembo. Alishona mrija wa kitambaa kwenye tao na kuacha ncha yake ndefu ikining'inia ndani ya aota inayoshuka, ili daktari atakayefungua upande wa kushoto wa kifua wiki au miezi baadaye apate mahali pa kushonea bila kuligusa tena tao. Ilikuwa njia ya busara, lakini wapo wagonjwa waliofariki wakisubiri hatua ya pili, na wapo waliokataa kufunguliwa tena.

Wakati huo huo tiba ya ndani ya mshipa ilikuwa ikizaliwa. Mwaka 1987 Nikolai Volodos wa Kharkiv, Ukraini, alitibu aota ya kifuani kwa mrija wenye stenti alioutengeneza yeye na wenzake. Taarifa zake ziliandikwa kwa Kirusi, na madaktari wa Magharibi walichelewa kuzijua. Mwaka 1990 Juan Parodi wa Buenos Aires, Argentina, alitibu aneurisimu ya tumboni kwa njia hiyo, na mwaka 1992 timu ya Michael Dake huko Stanford ilianza kuitumia kifuani. Katika miaka ya 1990 wapasuaji wa Japani waliweka mrija wenye stenti ndani ya aota inayoshuka wakati tao limefunguliwa. Mwaka 2003 timu ya Hannover iliipa njia hiyo jina la mkonga wa tembo uliogandishwa. Jina hilo huwapotosha wasomaji: kinachogandisha mkonga si baridi, ni waya za stenti zinazoufanya ukakamae badala ya kuning'inia.

Jinsi mseto unavyofanyika

Mkonga uliogandishwa ndio mseto unaojulikana zaidi kwa mchaniko wa aina A unaoendelea hadi aota inayoshuka. Mgonjwa hulazwa usingizi na mfupa wa kifua hupasuliwa kwa urefu. Damu hupelekwa katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na mwili hupozwa hadi nyuzi joto kati ya 20 na 28, kulingana na mazoea ya timu. Kisha mzunguko wa damu husimamishwa kwa sehemu ya chini ya mwili, lakini ubongo huendelea kupewa damu kwa mrija mdogo, mara nyingi kupitia ateri ya kwapa la kulia. Tao hufunguliwa. Mpasuaji huona kwa macho njia ya kweli na njia ya uongo, na huusukuma mrija wenye stenti chini kwenye njia ya kweli. Ukikunjuliwa hupanua njia hiyo na kuibana ile ya uongo. Ncha ya juu hushonwa kwenye tao, matawi ya kichwa huunganishwa, na mwishoni aota inayopanda hubadilishwa, pamoja na vali ikiwa imeharibika. Ndipo mwili hupashwa joto taratibu na moyo huachwa upige wenyewe.

Faida yake ni kwamba sehemu ya mgongoni imetibiwa bila kufungua upande wa kushoto wa kifua. Ikibaki sehemu mbovu chini zaidi, mrija mwingine huweza kupitishwa baadaye kupitia pajani na kuunganishwa na ule wa kwanza.

Namna ya pili huhamisha matawi. Ikiwa ugonjwa uko kwenye tao, mrija wa ndani ungefunika midomo ya ateri za kichwa. Kwa hiyo wapasuaji kwanza hushona mirija ya pembeni, ama kutoka aota inayopanda ikiwa ni nzima, ama kutoka ateri moja ya shingo kwenda nyingine, ili kichwa kipate damu kwa njia mpya. Baada ya hapo tao hufunikwa na mrija wa ndani bila hofu. Hapa mara nyingi mwili hauhitaji kupozwa wala moyo kusimamishwa, jambo linalowafaa wazee na wenye mapafu mabovu. Tumboni pia hufanyika hivyo kwa matawi ya figo na utumbo, ingawa hiyo ni kazi ndefu na hufanyika zaidi kwa maradhi yasiyo ya dharura.

Namna ya tatu ni ya dharura ya kiungo kinachokufa. Mgonjwa ana mchaniko wa aina A na pia mguu au utumbo hauna damu. Timu hubadilisha aota inayopanda kwa upasuaji wa wazi, na kabla ya kumtoa mgonjwa chumbani humpiga picha ya mishipa. Tawi likiwa bado limebanwa, stenti huwekwa hapo hapo. Ni kwa ajili ya kazi kama hii vyumba vya upasuaji mseto vilijengwa: meza ya upasuaji, mashine ya moyo na mapafu na mashine kubwa ya eksirei mahali pamoja, ili mgonjwa asihamishwe akiwa amefunguliwa kifua.

Mseto haufuti hatari, huzipunguza na kuzibadilisha. Kiharusi kinaweza kutokea kwa sababu ya waya na mirija kupita kwenye tao. Figo huweza kudhurika kwa rangi ya kupigia picha. Linaloogopwa zaidi ni kupooza miguu, kwa kuwa mrija mrefu hufunika vile vijitawi vya uti wa mgongo; kwa sababu hiyo wapasuaji huepuka kuusukuma mkonga chini kupita kiasi, shinikizo la damu haliachwi lishuke sana baada ya upasuaji, na wakati mwingine maji ya uti wa mgongo hupunguzwa kwa mrija mwembamba. Tena mrija wa ndani huweza kuvuja pembeni miezi au miaka baadaye, hivyo huchunguzwa maisha yote.

Kutoka mwambao wa Nyasa hadi chumba cha upasuaji

Wilaya ya Kyela iko kusini kabisa mwa mkoa wa Mbeya, mpakani na Malawi, katika tambarare ya mpunga na kakao iliyo karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huimwagia maji kutoka milimani, na wakati wa masika baadhi ya barabara za vijijini hufunikwa na mafuriko. Upande wa mashariki, Matema, milima ya Livingstone hushuka moja kwa moja ziwani. Kijiji cha wafinyanzi cha Ikombe na vile vilivyo mbele yake hufikiwa kwa mtumbwi, boti au miguu, na upepo wa mwera ukivuma hata mtumbwi hausafiri.

Mgonjwa wa huko huanzia zahanati au kituo cha afya, hospitali ya Matema ya Kanisa la Kilutheri, au hospitali ya wilaya mjini Kyela. Kutoka Kyela barabara ya lami hupanda kupitia Tukuyu hadi Uyole na jiji la Mbeya, umbali wa takriban kilomita 120, kutoka joto la ziwani hadi baridi ya zaidi ya mita 1,700. Hapo ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Upasuaji wa moyo na aota wa taifa uko mbali zaidi: katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kilomita zipatazo 830 kutoka Mbeya. Taasisi hiyo ilianza kazi mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, na hufanya upasuaji wa kufungua kifua na pia tiba za katheta, yaani pande mbili za mseto chini ya paa moja. Kabla yake Watanzania wengi waliohitaji upasuaji wa moyo walipelekwa India. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012 karibu na Mbeya, umeifupisha safari ya Dar es Salaam kuwa ya saa moja na kitu angani, kwa mwenye nauli na siku yenye ndege.

Tufanye hesabu. Ikiwa hatari ni asilimia 1 hadi 2 kwa saa, basi katika saa 24 wagonjwa 20 hadi 40 hivi kati ya 100 wa aina A hufariki wasipotibiwa. Safari ya barabara kutoka Matema hadi Dar es Salaam, pamoja na kusubiri gari, rufaa na kipimo, hula saa hizo zote. Ndiyo sababu saa moja iliyopotea Kyela kwa kumtibu mtu vidonda vya tumbo au kichomi ina uzito sawa na saa moja ya mpasuaji.

Kinachoweza kufanyika huko chini hakihitaji mashine kubwa. Kwanza ni kupima presha mikono yote miwili. Tofauti ya zaidi ya milimita 20 za zebaki kati ya mkono na mkono, kwa mtu mwenye maumivu ya ghafla ya kifua, ni ishara ya kushuku mchaniko. Pili ni kugusa mapigo ya viganja vyote viwili na ya kinena pande zote. Kipimo cha umeme wa moyo husaidia kutofautisha na shambulio la moyo, ingawa mchaniko ukifika kwenye ateri za moyo vyote viwili huwa pamoja. Eksirei ya kifua huweza kuonyesha kivuli kipana katikati, lakini eksirei safi haimwondolei mtu ugonjwa. Altrasaundi ya moyo huonyesha maji katika mfuko wa moyo. Kipimo cha kuthibitisha ni CT skani yenye rangi.

Baada ya kushuku, kuna la kufanya na la kutofanya. La kufanya ni kutuliza maumivu, kwa mofini ikiwepo, na kushusha mapigo ya moyo hadi chini ya 60 kwa dakika na shinikizo la juu hadi kati ya 100 na 120. Dawa za kwanza ni za jamii ya beta, kama labetalo au propranolo, mgonjwa asipokuwa na kizuizi. Hidralazini, ambayo hospitali nyingi za wilaya huwa nayo kwa ajili ya kifafa cha mimba, ikitolewa peke yake huongeza kasi ya mapigo na huweza kuuendeleza mchaniko; mapigo hudhibitiwa kwanza. La kutofanya ni kutoa dawa za kuyeyusha damu iliyoganda kwa kudhani ni shambulio la moyo. Kwa aliyechanika aota, dawa hizo huweza kufungulia damu njia ya kumwagika.

Mgonjwa ambaye shinikizo lake limetulizwa kabla ya kupakiwa garini hana safari sawa na yule aliyepakiwa akipiga kelele za maumivu na presha ya 200 juu ya matuta ya Tukuyu. Wa aina B, akitulizwa vizuri, mara nyingi huweza kukaa kanda na kutibiwa kwa dawa huku akishauriwa na mabingwa kwa simu. Wa aina A ndiye anayekimbizwa.

Picha za CT hutakiwa zitangulie. Mirija yenye stenti huja kwa vipimo maalumu, huagizwa kutoka ng'ambo kwa gharama kubwa, na huchaguliwa kwa upana wa aota ya mgonjwa uliopimwa katika picha, kiasi cha milimita. Picha zikitumwa kwa intaneti kutoka Mbeya, timu huanza kutafuta mrija na kupanga aina ya upasuaji mgonjwa akiwa bado njiani. Damu pia hutakiwa, na nyingi. Ndugu wanaosindikiza hufaa wajue kwamba huenda wakaombwa kuchangia. Mara nyingi uamuzi wa mwisho hutegemea kilichopo siku hiyo: mpasuaji anaweza kubadilisha aota inayopanda tu, kazi inayookoa uhai, na kuacha sehemu ya chini itibiwe kwa mrija wa ndani baadaye. Huo nao ni mseto, wa hatua mbili, na katika nchi yenye mirija michache huenda ndio unaotekelezeka zaidi.

Baada ya upasuaji

Aliyetibiwa hutumia dawa za presha kila siku kwa maisha yote, hata akijisikia mzima. Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu amerudi Kyela, kovu limepona, msimu wa kulima mpunga umefika, dawa zimekwisha dukani na duka la pili liko ng'ambo ya mto. Kuacha dawa kwa wiki chache huweza kuutanua ule mshipa wa mgongoni ambao haukubadilishwa. Kipimo cha presha katika zahanati ya jirani, kila mwezi, ni sehemu ya tiba sawa na mshono wa kifuani.

CT skani hurudiwa kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, kisha kwa kawaida baada ya miezi kadhaa, na halafu mara moja kwa mwaka au kama daktari atakavyoagiza. Kunyanyua mizigo mizito kwa kukakamaa na kuzuia pumzi, kama gunia la mpunga au mtumbwi unaovutwa ufukweni, hukatazwa. Kutembea na kazi nyepesi huruhusiwa. Barua ya hospitali yenye aina na ukubwa wa mrija hutunzwa pamoja na kadi ya kliniki, kwa kuwa daktari mwingine atauhitaji akilazimika kuongeza mrija mpya. Ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani wazazi, ndugu na watoto, hushauriwa wapimwe presha na kufanyiwa altrasaundi ya moyo, hasa ikiwa mgonjwa aliugua akiwa chini ya miaka 60 au katika ukoo kuna mtu aliyefariki ghafla bila sababu kujulikana.